Sura ya Tano: Runinga ya Dukani na Runinga ya Sebuleni

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Bomang'ombe huwa na watu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanapanda kwao "kuhesabiwa", na wengi husimama Boma kufanya manunuzi ya mwisho kabla ya kukata kuelekea Machame au Sanya Juu. Juu ya paa za Noah, katikati ya magunia ya mchele na kreti za soda, utaona maboksi bapa yenye picha ya runinga. Ni zawadi ya wazazi. Baba atatazama mpira, mama atatazama kwaya na tamthilia, na wajukuu watatazama chochote. Mtoa zawadi ana haraka, fedha yake ni ya kupimia, na anataka kioo kikubwa ili majirani wajue kwamba mtoto amerudi. Sijui mnunuzi ambaye ni rahisi zaidi kumuuzia runinga mbaya.

Dukani runinga zimewashwa ukutani, mbili mbili au sita sita, na karibu zote zinaonyesha kitu kimoja: samaki wa rangi kwenye matumbawe, asali inamiminika, maua yanachanua polepole. Video hiyo imetengenezwa kwa 4K na inachezwa kutoka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma. Itazame tena, safari hii utafute kisichokuwamo. Humo hakuna uso wa mtu, hakuna chumba chenye giza, hakuna mpira unaovuka uwanja kwa kasi. Kila ambacho kingeitesa runinga kimeachwa nje.

Runinga yenyewe nayo imepangwa kwa ajili ya duka. Mwanga umepandishwa hadi mwisho, rangi zimekolezwa, na weupe umevutwa kuelekea bluu, kwa sababu vioo viwili vikiwekwa sambamba, jicho la mtu hukimbilia kinachong'aa zaidi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kwenye mipangilio huwa kuna hali mbili: ya duka na ya nyumbani. Ile ya duka ina ukaidi wake. Unaweza kupunguza mwanga kwa rimoti, na baada ya muda mfupi ukaukuta umerudi juu peke yake. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa muuzaji ni kubadilisha hali hiyo. Akikataa, huna unachokipima, unatazama tangazo.

Macho yetu yalifundishwa na ubovu wa aina nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Tangu hapo hadi mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Moshi na Arusha mwaka 2013, tuliishi na chenga. Picha nzuri ilikuwa picha isiyo na chenga, na mtu alipanda juu ya paa kuzungusha antena mpaka aliye ndani apige kelele kwamba imekaa. Dijitali imezifuta chenga kabisa. Sasa picha ama ipo ama imeganda vipande vipande, na ikiwapo, kwenye runinga yoyote inaonekana safi. Mnunuzi aliyezoea kutafuta chenga anaingia dukani, hazioni, anaridhika. Ubovu wa siku hizi umejificha kwingine: kwenye giza, kwenye nyuso na kwenye sauti.

Lakini kwanza namba za boksi, maana ndizo zinazokula fedha nyingi.

Picha ya king'amuzi isiyo ya HD ina nukta 720 kwa 576, yaani kama laki nne na kumi na nne elfu. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, karibu milioni nane na laki tatu. Gawanya utaona: kwa kila nukta moja inayotoka kwenye king'amuzi, kioo kina nukta ishirini za kujaza. Kumi na tisa kati ya hizo runinga inazitunga yenyewe kwa kukisia kutokana na majirani zake. Kompyuta iliyomo kwenye runinga ya bei ya juu hukisia vizuri. Ile ya runinga ya bei nafuu hukisia kivivu, na matokeo yake ni nyuso zilizovimba kidogo, kingo za maandishi zenye ukungu, na nyasi za uwanja zilizogeuka zulia. Kioo kikubwa hakitibu ugonjwa huo, kinautangaza tu. Eneo la inchi 55 ni zaidi ya mara moja na nusu ya eneo la inchi 43, na kila kasoro ya chaneli hupanuka kwa kiasi hichohicho.

Halafu kuna umbali. Mtu mwenye macho mazuri hutenganisha vitu viwili vilivyo karibu hadi kufikia dakika moja ya nyuzi, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiifanyia hesabu inchi 55, nukta za Full HD huacha kuonekana mojamoja ukikaa kama mita mbili na robo kutoka kwenye kioo. Kwa inchi 43 ni mita moja na sentimita sabini. Ili ufaidi 4K kikamilifu kwenye inchi 55 unatakiwa ukae mita moja na kidogo, na sijawahi kuona sebule ya Machame ambamo mgeni anaketishwa karibu na runinga kiasi hicho. Katikati pana meza, na juu ya meza pana chai. Pima kutoka kwenye kochi hadi ukutani kabla hujatoka nyumbani. Ikiwa ni mita tatu na vinavyotazamwa ni vya king'amuzi, 4K isiwe sababu ya kuongeza hata shilingi. Kwa inchi 55 kwenda juu utaipata tu, maana siku hizi viwanda havitengenezi vingi vya Full HD kwa ukubwa huo. Ichukue kama nyongeza.

Beba pia tepu. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya sehemu inayowaka, bila fremu, na inchi 55 ya kweli hukaribia sentimita 140. Zipo runinga zisizo na jina kubwa ambazo boksi linasema hivi na kioo kinasema vile.

Sasa flashi. Muuzaji ana ya kwake, nawe uwe na ya kwako. Weka humo vitu vinne: wimbo wa kwaya uliorekodiwa vizuri, kipande cha mechi, tukio la filamu linalotokea usiku, na picha mbili tupu, moja nyeusi tititi na moja ya kijivu. Hizi mbili kijana yeyote wa stesheneri atakutengenezea kwa dakika moja. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Mangi, habari za kazi? Naomba uniwekee flashi yangu."

"Flashi ya nini tena, mwalimu? Picha si unaiona hiyo, safi kabisa."

"Nimeiona. Sasa nataka nimwone mwanakwaya."

Kwaya ni mtihani mgumu kuliko samaki wote wa dunia, na watu wa mlimani wana bahati ya kuwa nazo nyingi. Mbele yako kuna nyuso nyeusi za rangi mbalimbali, majoho meupe au ya zambarau, na mara nyingi jua la saa sita. Anza na nyuso. Chini ya shavu, pembeni mwa pua, pale nywele zinapokutana na paji la uso, je, unaona umbo, au pameingia doa moja jeusi lisilo na chochote ndani? Runinga mbaya humeza vivuli vya ngozi nyeusi, au huigeuza ngozi kuwa nyekundu kama tofali, au huipaka kijivu cha mgonjwa. Kisha tazama joho jeupe: mikunjo ya kitambaa ionekane. Ikiwa joho ni bapa kama karatasi, mwanga umepita kiasi. Punguza kwanza kabla hujahukumu, chagua hali ya filamu badala ya ile ya rangi kali, na rangi iwe ya joto, si ya baridi. Utaiona picha imekuwa ya njano na imefifia. Subiri dakika tatu. Jicho likizoea, zile nyingine za jirani zitaanza kuonekana za bluu, na utashangaa ulizipendea nini.

Picha nyeusi ikiwekwa, mwombe muuzaji azime taa au ukinge kioo kwa koti. Runinga zinazouzwa kwa jina la LED ni vioo vya LCD vyenye taa za LED nyuma yake, na taa hizo haziwezi kuzuiwa zote. Swali ni kiasi gani kinavuja, na wapi. Weusi unaofanana na majivu kote unavumilika. Pembe moja inayowaka kama mtu amechungulia na tochi haivumiliki, kwa sababu itakuwapo kila usiku kwenye kila filamu. Picha ya kijivu hufichua mabaka na michirizi ambayo utakuja kuiona kwenye mpira, kamera inapofuata winga na nyasi zinapita kioo kizima. Nukta mfu huonekana hapohapo. Mechi yenyewe inapochezwa, mtazame mpira ukipigwa mbali: ukiacha mkia, au ukipotea hewani na kutokea tena, basi pambano la Simba na Yanga utalitazama hivyo.

Jambo moja ambalo wauzaji wachache hulitaja ni aina ya kioo. Kuna kinachoitwa VA na kinachoitwa IPS. VA hutoa weusi mzito. Tofauti kati ya nyeupe na nyeusi yake hufika elfu tatu kwa moja na kuendelea, wakati IPS hukaa karibu na elfu moja kwa moja. Vitabu na majarida ya Ulaya yatakushauri VA bila kusita. Wenzetu huko hukaa wawili kwenye kochi moja linaloikabili runinga. Sebule ya huku ina makochi yaliyozunguka kuta tatu, na Jumapili jioni watu wanane wameketi kwa umri na heshima, si kwa nafasi nzuri ya kutazama. Aliye pembeni, kwenye VA ya bei nafuu, anaona rangi zilizochujuka na nyuso zilizopauka. IPS humvumilia. Kwa hiyo dukani usisimame mbele tu. Nenda ubavuni, simama pale ambapo kwenu anakaa bibi, kisha inama kwa kimo cha kochi. Kwa familia kubwa ningechukua IPS na kuukubali weusi wake wa majivu. Kwa mtu anayeishi peke yake na kutazama filamu usiku, VA. Mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira hana haja ya kuuliza. Watazamaji wake wanajaa hadi mlangoni.

Mengine ya kwenye boksi yapite haraka. HDR kwenye runinga ya bei ya chini ina maana kwamba inaipokea ishara hiyo. Kuionyesha kunahitaji mwanga ambao haina. Namba kubwa za kasi ya picha, zenye majina ya kibiashara mbele yake, ni za programu. Kioo chenyewe kwa kawaida huenda hertzi 50 au 60. Mfumo wa intaneti ulio ndani ukiwa mzito leo dukani, mwakani utakuwa mzito zaidi.

Sauti ndiyo inayoteseka kuliko vyote, na ndiyo isiyopimwa kabisa. Sababu inaeleweka: duka liko kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, mabasi yanapita, bodaboda zinapiga honi, na duka la jirani limetoa spika nje. Katika hali hiyo kila runinga inasikika hafifu na muuzaji atakwambia ni kelele za nje. Nenda asubuhi, duka linapofunguliwa.

Runinga ikiwa nyembamba, spika zake hazina pa kupumulia. Ni vidude vidogo vinavyoelekea chini, viwili, wati 8 au 10 kila kimoja. Runinga ikiwekwa juu ya meza yenye kile kitambaa cha kufuma ambacho mama zetu hawawezi kuacha kukitandika, nusu ya konsonanti inaishia kwenye nyuzi. Herufi s, f na sh ndizo zinazobeba maana ya maneno, nazo ni sauti nyembamba ambazo kitambaa huzimeza kwa urahisi. Matokeo yake mzee anasikia kwamba mtangazaji anazungumza, ila hasikii anasema nini, anaongeza sauti, na kinachoongezeka ni mngurumo. Jaribio la dukani ni taarifa ya habari, wala si muziki. Muziki huficha mengi. Mweke mtangazaji, simama mita tatu, funga macho, na usikilize kama unaandika imla. Kisha pandisha sauti hadi robo tatu na uguse mgongo wa runinga kwa kiganja; plastiki ikitetemeka na sauti ikakwaruza, hapo ndipo mwisho wake, hata kama rimoti inaruhusu kuendelea.

Kwa nini robo tatu? Kwa sababu ya mabati. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika huupiga upande wa kusini wa Kilimanjaro kwa nguvu zote, na nyumba ya bati isiyo na dari huwa ngoma. Wati za boksi hazitakuokoa. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli tatu tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, unahitaji karibu wati mara kumi. Ndiyo maana kubishana kati ya runinga ya wati 16 na ya wati 20 ni kupoteza muda, na ndiyo maana ningemshauri mwenye fedha ya inchi 55 pekee achukue inchi 43 au 50, na kinachobaki kinunue sabufa ya heshima. Besi isimvutie. Asikilize ile spika ndogo ya juu inavyotamka. Aangalie pia runinga ina tundu gani la kutolea sauti: HDMI yenye alama ya ARC, tundu la hedifoni, au lile la mwanga. Sabufa nyingi zinazouzwa mitaani zinataka tundu la hedifoni, na runinga mpya kadhaa hazina tena. Kuunganisha kwa Bluetooth kunawezekana, ila midomo ya mtangazaji huweza kutangulia na maneno yakafuata nyuma.

Kuhusu mtumba wa Ulaya na Dubai: bei inavutia, na kioo cha daraja la juu cha miaka minane kinaweza kukishinda kipya cha daraja la chini. Washa uiache saa nzima. Kivuli upande mmoja ni dalili kwamba baadhi ya taa za nyuma zimekufa. Muuzaji akisema "ina sauti, picha inachelewa", mulika tochi kwenye kioo. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma zimekufa zote, na hiyo ni kazi ya fundi. Plasma ziache, hata zikiwa nzuri namna gani. Watengenezaji wakubwa walikuwa wameshaacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa 2014, zinakula umeme, na zina kituko kimoja kinachotuhusu sisi wa mlimani: gesi imefungiwa ndani ya kioo chake, na kadiri hewa ya nje inavyopungua uzito ukipanda juu, ndivyo kioo kinavyovuma. Iliyokaa kimya Dar es Salaam inaweza kuimba Machame ya juu.

Imefika nyumbani. Fundi wa dishi anakuja, na hapa ndipo picha nyingi zilizonunuliwa kwa jasho hupotea bila mtu kujua. Setilaiti ya DStv, nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa wilaya ya Hai iko karibu kabisa utosini, kwa hiyo miti haiisumbui sana. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, ambayo kwetu ni upande wa magharibi, kama nyuzi 55 kutoka upeo wa macho. Mparachichi mrefu uliosimama magharibi mwa nyumba utaikata, na utaikata zaidi kila mwaka unapoongezeka. Fundi achague mahali akiwa na hilo akilini, na asiseme tu kwamba mawimbi yapo.

Akimaliza, kabla hajakunja ngazi yake, chungulia nyuma ya runinga. Mara nyingi utakuta amechomeka ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa ndio aliokuwa nao mfukoni. Waya huo hauwezi kupitisha HD hata kidogo; king'amuzi kinaweza kuwa cha HD, kifurushi kikawa cha HD, runinga ikawa 4K, na kinachofika kwenye kioo kikawa ni zile nukta laki nne. Mwambie atoe huo aweke wa HDMI, kisha aingie kwenye mipangilio ya king'amuzi aweke 1080 na umbo la 16 kwa 9, vinginevyo watangazaji wote watanenepa. Kama king'amuzi ni cha zamani na hakina tundu la HDMI, kibadilishe kabla ya sikukuu; ni gharama ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya inchi 50 na 55.